Je, Wajua Kazi ya Makro?

Katika Bandari ya Mtwara, ambayo ghuba yake ina kina kirefu cha asili na ambayo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioachwa mwaka 1951, shehena mashuhuri leo ni korosho. Na msimu wake ukiwadia, kila kontena liendalo India au Vietnam hufuatana na hati nyingi, na kila hati hudai namba ile ile ya kontena, isiyozidi wala kupungua hata tarakimu moja.

Kuiandika namba hiyo mara moja si taabu. Taabu ni kuirudia katika hati baada ya hati, na hapo ndipo makro inapofaa. Makro ni mfululizo wa amri uliohifadhiwa ndani ya programu, mathalan Excel, ukaitwa kwa kubonya vitufe viwili au vitatu. Hupatikana kwa njia mbili: ama mtumiaji hufanya kazi yake kwa mkono huku programu ikinukuu kila hatua, ama huandika amri mwenyewe kwa lugha ya Visual Basic, iliyoingizwa katika Excel mwaka 1993. Njia ya kwanza ni nyepesi, illa kilichonukuliwa hurudiwa kama kilivyo, sahihi kwa usahihi wake na kosa kwa kosa lake. Njia ya pili humwezesha karani kuitia makro kanuni ya kupambanua namba sahihi na yenye kosa.

Itazame namba CSQU 305438 3. Tarakimu ya mwisho ni shahidi wa zilizotangulia. Herufi hupewa thamani, C ikiwa 13, S 30, Q 28 na U 32. Kisha thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na hivyo maradufu hadi ya kumi, izidishwayo kwa 512. Jumla yake ni 6,185, nayo ikigawanywa kwa 11 hubaki 3, sawa na shahidi. Na baki ikiwa 10, huandikwa 0. Lau karani aliyechoka angeandika 45 mahali pa 54, jumla ingekuwa 6,249 na baki 1, na makro ingeipaka seli ile rangi nyekundu kabla hati haijatoka.

Hadhari nayo yatakikana, kwa kuwa makro itokayo kwa mtu usiyemjua yaweza kubeba madhara, kama kirusi Melissa kilichoenea mwaka 1999 ndani ya hati za Word. Tena makro haijui kama ndani ya kontena mna korosho au mawe: huthibitisha hesabu tu, ikamwachia karani wasaa wa kwenda uwanjani kukagua lakiri ya mlango, kazi ambayo hakuna kitufe kiwezacho kumfanyia.