Mtoto wa Mbwa Hujifunza Hata Asipofundishwa

Katika kata ya Ngenge, Wilaya ya Muleba, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Kagera, mbwa hafugwi kwa ajili ya urembo. Hulinda nyumba usiku, hufukuza wanyama waharibifu shambani, na hufuatana na wachungaji machungani. Aghalabu mtoto wa mbwa huletwa kutoka kwa jirani, hufungwa kamba au huachwa azurure, na wenyeji hudhani kuwa atafundishika atakapokuwa mkubwa. Dhana hiyo ina kasoro. Mtoto wa mbwa huanza kujifunza tangu siku ya kwanza. La kujiuliza ni kama anajifunza yale ambayo wenyeji wake wanataka ayajue.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ujifunzaji huo unavyotendeka, na kwa nini unahusiana na uhai wa watoto wanaoishi na mbwa huyo.

Umri wa kuzoea

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii, na hufumbua macho anapofikia wiki mbili hivi. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi, na mwaka 1965 wakachapisha matokeo yao. Walionyesha kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa huwa mwepesi mno kuzoea viumbe na vitu vinavyomzunguka. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hukihesabu kuwa sehemu ya maisha yake; asichokiona kabisa huenda akakiogopa daima.

Kwa kawaida inafaa mtoto wa mbwa akae na mama yake mpaka wiki ya 8 hivi. Kwa hiyo anapofika kwa mfugaji mpya, muda uliosalia si mrefu. Katika wiki hizo chache hana budi kuwaona watu wazima na watoto, mbuzi na kuku, baiskeli na pikipiki, na kushikwa kwa upole masikioni, miguuni na shingoni.

Kengele, chakula na wakati

Mwanasayansi wa Kirusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya kuonja chakula. Ishara yoyote iliyotangulia chakula mara kwa mara ilitosha kuwatoa mate. Mwamerika Edward Thorndike naye, katika majaribio yake ya mwaka 1898 juu ya wanyama, alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na jambo la kuridhisha hurudiwa, na lisiloleta faida hufifia.

Kanuni hizi zinatumika hapa Tanzania. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya hao huanza kuzoeshwa kushikwa na binadamu wakiwa wadogo. Baadaye, kila wanapotenda sawasawa, husikia mlio mfupi na hupewa chakula papo hapo. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi aliyofanya Kambodia. Hakufundishwa kwa fimbo.

Neno la kuzingatia ni papo hapo. Mnyama huunganisha tendo na matokeo yanayolifuata mara moja, si yale yanayokuja saa nzima baadaye. Tuseme mbwa aitwaye Simba amekula yai asubuhi. Mwenye nyumba anagundua adhuhuri, anamwita, "Simba! Njoo!" Mbwa anakuja akitikisa mkia, naye anachapwa. Mwenye nyumba anaamini kuwa amemfundisha kutokula mayai. Kumbe Simba amejifunza jambo jingine kabisa: kuitwa na kuitika huleta maumivu. Mara nyingine atakapoitwa, atakimbilia migombani.

Mafunzo ya nyumbani

Jina liwe fupi, na litamkwe kwa sauti ile ile na watu wote wa nyumbani. Mtoto wa mbwa anapogeuka au kusogea, apewe kipande cha dagaa na kusifiwa pale pale. Zoezi la dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, lafaa kuliko zoezi refu moja linalomchosha.

Kuhusu haja, mtoto wa mbwa hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Hutaka kwenda haja baada ya kuamka, baada ya kula na baada ya kucheza. Nyakati hizo apelekwe mahali pamoja nje, kisha asifiwe amalizapo. Akichafua ndani, pasafishwe bila ugomvi. Kumsugua pua hakumfundishi ila hofu.

Anapouma mikono akicheza, mchezo ukome mara moja. Hivyo atajifunza kuwa meno hufukuza wenzi.

Kamba ifundishwe kwa hatua. Kwanza ivalishwe kwa dakika chache wakati anapokula, kisha aiburute huku akiangaliwa, halafu ishikwe na mtu mzima, naye atuzwe kila anapofuata bila kuvutwa.

Faida iliyo kubwa kuliko ulinzi

Kamba hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia kwa njia ya jeraha na kufuata neva hadi kwenye ubongo. Dalili zikishatokea, mgonjwa karibu daima hufa. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Kinga yake inajulikana tangu zama za Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini mbwa huletwa kwenye kituo cha chanjo na mwenyewe. Mbwa asiyeshikika, anayekimbia akisikia jina lake, hubaki bila chanjo, na mara nyingi huyo huyo ndiye mwepesi wa kuuma. Hivyo fimbo iliyotumika vibaya juu ya yai moja huweza kuvunja ukuta unaowalinda watoto wa kijiji kizima.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata watoto wa mbwa wachanjwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia, hata kama jeraha ni dogo.

Zoezi kwa wanafunzi

Mwanafunzi mwenye mtoto wa mbwa aliyekwisha kuchanjwa amwite mara kumi kila siku kwa siku 14, akimpa tuzo papo hapo kila anapoitika, na kuandika idadi ya mara alizokuja. Darasani achore grafu, siku zikiwa kwenye mhimili mlalo. Mwalimu awaulize wanafunzi: je, mstari unapanda kwa usawa? Siku uliposhuka, nani nyumbani alimwita mbwa huyo, na alimwitia nini?