Ameongezewa Damu, Kwa Nini Apimwe Tena?

"Sista, jana mmempa damu, leo mwamtoa tena?" Mama mmoja wa Igogo, muuza dagaa, alituuliza hivyo wodini huku amefunika mkono wa mwanawe kwa kanga. Mtoto aliletwa na malaria kali, damu gramu 4 tu. Usiku aliongezewa, asubuhi akaketi na kuomba uji. Mama alikwisha funga mzigo aondoke.

Wapendwa wasomaji, matone tunayochukua hayampunguzii mtoto damu. Kwa mtu mzima, mfuko mmoja hupandisha kipimo kwa gramu 1 hivi. Kwa mtoto twakadiria kwa uzito wake. Kipimo kisipopanda inavyotarajiwa, au kikipanda kisha kishuke, twajua damu inavuja au inavunjwa: safura, malaria, selimundu (wengine huita sikoseli), au kichocho cha tumbo kilichomfikisha mtu kutapika damu. Hicho cha mwisho sisi wa kando ya Ziwa twakijua mno.

Wala si kwamba damu nyingi ndiyo bora kwa kila mtoto. Utafiti wa Uganda na Malawi, uliotangazwa mwaka 2019, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye upungufu mkubwa wa damu. Wasio na homa walipona zaidi walipopewa mililita 30 kwa kila kilo badala ya 20. Wenye homa, kiasi hicho kikubwa kiliongeza vifo. Kwa hiyo muuguzi akiweka kipimajoto kabla ya kutundika mfuko, msimwone anapoteza wakati.

Turudi kwa yule mama. Kipimo cha asubuhi ile kilisema gramu 7, naye akakubali kulala siku moja zaidi, kwa manung'uniko. Kesho yake ikawa 5, na mkojo wa mtoto mweusi kama kahawa. Aliongezewa tena. Kama wangekuwa nyumbani, angemtelemsha usiku kwa ile njia ya mawe, kama angeligundua.

Mtoto aliyetibiwa malaria kali kwa sindano za artesuneti huweza kushuka damu hata baada ya wiki moja na zaidi, homa imekwisha. Arudishwe siku ya 7, ya 14 na ya 28, hata akiwa anacheza mpira. Akipauka, akihema haraka au mkojo ukiwa mweusi, msingoje tarehe.

Siku ya 7 mama alirudi. Gramu 8. Tunamngoja siku ya 14.