Jeupe kwa Jua, Jeusi kwa Joto

Fundi seremala mmoja wa Jang'ombe, Unguja, ametuandikia kuhusu banda lake la uani: kuta za matofali ya saruji, juu bati tupu. Kuanzia saa nne asubuhi, anasema, hakukaliki. Gundi inakauka kabla hajabana viungo, na feni aliyonunua "inampulizia moto". Ameona kwenye simu Wazungu wakijaza pamba ya kioo katika kuta za karakana zao, naye anauliza: ajaze mabaki ya godoro kutani na darini, au ajikaze anunue kiyoyozi?

Godoro hapana. Sponji hushika moto upesi, na karakana ina tina, gundi na cheche. Kuta nazo, fundi, ziache. Wale wa kwenye simu wanapambana na baridi: joto wanalolilipia linawatoroka pande zote, kwa hiyo wanaziba pande zote. Lako linaingia kwa juu. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Miezi mingine haliendi mbali. Kuta hupata jua la mshazari. Paa ndilo linalobeba mzigo, takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba saa sita mchana kukiwa hakuna wingu.

Shuleni tulifundishwa kwamba joto lina njia tatu za kusafiri. Mbili nitaziruka, maana ya tatu ndiyo inayomtesa fundi wetu, na ndiyo tamu. Vitabu huiita mnururisho. Kila chenye joto, liwe bati, ukuta au ngozi yako, hutoa mwanga usioonekana, na mwanga huo hukatiza hewani karibu bila kuipasha. Ndiyo maana feni haifui dafu. Inasukuma hewa, na kinachokuchoma kimeshaipita hewa. Mwaka 1879 Josef Stefan, huko Vienna, alionyesha kwamba utoaji huo hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri. Bati lenye kutu likifika nyuzi 60 linakumiminia zaidi ya wati 600 kwa kila mita ya mraba. Ngozi yako inarudisha kama 500. Tofauti hiyo ndiyo unayoisikia utosini.

Uwezo wa uso wa kitu kutoa mwanga huo unahitaji jina. Nilitamani "utemi", kutokana na kutema, lakini Wanyamwezi na Wasukuma wameshaliwahi kwa ajili ya watemi wao. Basi tuseme utemaji.

Utemaji hauonekani kwa macho, na hapo ndipo bati jipya linapotudanganya. Linang'aa, nasi tunadhani kinachong'aa kimelikataa jua. Liguse saa saba mchana. Zinki iliyolifunika hupokea jua, pengine zaidi ya nusu ya linalolipiga, na utemaji wake haufiki hata theluthi moja. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba, lile linalojazwa usiku maji yanapotoka. Mdomo wa juu unapokea jua, koki ya chini inatema, na kina cha maji ndiyo halijoto. Maji hupanda, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyoisukuma koki kwa nguvu, mpaka yanayotoka yanalingana na yanayoingia. Hapo kina hutulia. Bati jipya lina mdomo wa wastani na koki nyembamba, kwa hiyo maji hayana budi kupanda sana. Likishika kutu koki inapanuka, lakini na mdomo nao umepanuka, na tangi limejaa tena. Upepo ni tundu ubavuni: kaskazi ikivuma maji hupungua, ikilala yanarudi. Chokaa sasa! Mdomo mdogo, koki pana. Chokaa safi hurudisha kama theluthi mbili hadi nne kwa tano za jua, lakini katika ule mwanga mwingine ni nyeusi tititi, utemaji wake karibu asilimia 90. Rangi nyeupe ya maji ni vivyo hivyo. Jeupe kwa jua, jeusi kwa joto, katika uso mmoja. Sijui kama kuna jambo katika fizikia ya majumbani linalonifurahisha zaidi.

Utasema nyumba za Mji Mkongwe nazo zina bati. Kuta zake, za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Mawimbi ya joto la mchana hupoteza karibu theluthi mbili ya nguvu kila yanapopenya sentimita 12 hivi, na upande wa ndani hayafiki. Mapaa ya awali yalikuwa bapa, ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Yakavuja, na mengi yakafunikwa bati. Lakini bati lile ni mwavuli tu juu ya jiwe. La fundi wetu halina kitu chini yake isipokuwa fundi.

Kwa hiyo, fundi, nje paka rangi nyeupe ya paa; chokaa mbichi juu ya bati itakula zinki. Ndani tandaza foili ya aluminiamu chini ya kenchi, upande unaong'aa utazame chini, kwako. Watu hushangaa: mbona usiligeuzie bati? Kwa sababu utemaji wa foili hauzidi asilimia 5. Hata ikipata moto, haina jinsi ya kukutemea. Tena ni kioo: ngozi ikitazama juu haioni bati la nyuzi 60, inaona sakafu yako ya saruji, iliyopoa, ikiakisiwa. Acha nafasi ya hewa kati yake na bati, iepushe na nyaya za umeme, na vumbi la mbao lifute mara mojamoja.

Kiyoyozi kisubiri. Waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa miezi mitatu katikati ya msimu wa joto, wanajua mashine hizo zina thamani gani bila waya. Feni usiiuze: bati likishaacha kukuchoma, feni inaweza kukausha jasho, kazi inayoiweza. Toboa tundu la hewa juu kabisa, chini ya mgongo wa paa, na mlango au dirisha kubwa lielekee kaskazini mashariki, maana miezi ya joto kali ndiyo miezi ya kaskazi.