Sufuria Ndani ya Kikapu

Desemba ikiingia, maswali ninayoulizwa kuhusu Krismasi isiyoharibu mazingira huwa ni ya mapambo. Mti wa plastiki au wa kukata? Nijibu hilo upesi. Kama una wa plastiki, endelea kuutoa kabatini kila mwaka mpaka uchakae, maana hasara yake ilishafanyika kiwandani. Kama huna, usinunue. Mkrismasi, ule wenye asili ya Madagaska, huchanua maua mekundu majira haya haya, na tawi lake moja kwenye ndoo ya mchanga wenye maji linatosha kuipendezesha sebule.

Penye hasara kubwa ni jikoni. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo kila kopo unalomimina kwenye jiko lina mzigo wa miti nyuma yake. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ni lengo jema na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini Krismasi hii wengi bado tutapikia mkaa, na wenye gesi wataomba mtungi usiishe pilau ikiwa katikati.

Sasa, jambo ambalo ningependa kila mpishi alijue: maji yakishachemka hayaongezeki joto. Hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, na hata uchochee mkaa mpaka yamwagike, yatabaki nyuzi 100 zile zile. Kinachoongezeka ni mvuke, na mvuke ni ghali. Kuigeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke hula nishati karibu mara 7 ya ile iliyoyachemsha kutoka bombani. Maharage hayaivi kwa kishindo cha moto, yanaiva kwa kukaa ndani ya joto muda wa kutosha.

Bibi zetu walilielewa hili kwa mikono yao. Wali ukikauka walipunguza moto chini, wakapalia makaa machache juu ya mfuniko. Kikapu hufanya kazi hiyo bila kaa hata moja. Changu ni kikapu cha ukili cha sokoni, kipana kuliko sufuria kwa kiganja kila upande. Chini nimelaza mto wa sufi, pembeni nimezungushia blanketi kuukuu, na juu unakaa mto wa pili ulioshonwa kwa khanga iliyochanika. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana iliyo nusu hupoa haraka. Itoke jikoni ikitokota, ifutwe masizi, izamishwe, na mfuniko usifunuliwe hata kwa kuonja. Baada ya nusu saa weka mkono juu ya mto. Ukihisi joto, basi linatoroka. Ongeza nguo.

Maharage yaloweke mkesha wa Krismasi. Alfajiri mwaga maji yale, weka mengine, uyachemshe kwa nguvu dakika 20. Hapa usibane mkaa kabisa: maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto la kikapu peke yake haliiondoi. Kisha yaingie kikapuni, nanyi mwende ibadani. Mkirudi yatakuwa yamelainika, yanangoja kuchemshwa tena na kuungwa kwa nazi. Pilau ni rahisi zaidi. Nyama ikishaiva, mchele utokote dakika 5, ukae kikapuni kama saa nzima. Punguza maji kidogo, kwa kuwa hakuna yanayopotea kwa mvuke.

Halafu kuna kinachobaki. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 8 hadi 10 penye vyakula vingine, lakini siku hiyo sote hupika kana kwamba mtaa mzima unakuja. Simkatazi mtu ukarimu. Ninachokataza ni chakula kulala sufuriani, au humo humo kikapuni. Wali uliokaa kwenye joto la Desemba huzalisha bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha, na tarehe 26 watu wakaamka wakitapika, wakailaumu nyama. Wageni wakishakula, itandaze pilau iliyobaki kwenye sinia pana mvuke uishe, uifunike, iingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita. Kama huna friji, igawe ingali ya moto: sahani ifunikwe kawa, mtoto apeleke kwa jirani. Ile ya kwenye friji, asubuhi ipashwe mpaka ifuke, iliwe na chai ya rangi.