Kipima udongo nacho kipimwe

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Mugoma, wilayani Ngara, akiambiwa kuwa shamba lake la maharage lina tindikali, atatafuta fedha za chokaa. Mifuko ya chokaa ni mizito na usafiri ni ghali. Je, kama kifaa kilichopima udongo huo kilidanganya?

Swali hili linawahusu pia wafanyabiashara wa pembejeo, kwa kuwa siku hizi vifaa vya kupimia udongo vinauzwa ovyo, na mteja akipata hasara atarudi dukani kwako.

Tuanze na vile vya bei rahisi, vyenye vijiti viwili vya chuma vya kuchomeka ardhini. Vijiti hivyo ni vya metali mbili tofauti, na kwenye udongo wenye maji huzalisha umeme kidogo unaosukuma mshale. Umeme huo hutegemea sana unyevu na chumvi. Chukua udongo mmoja, ugawe katika ndoo tatu, umwagilie maji kwa viwango tofauti, kisha upime. Tindikali ya udongo ule haiwezi kubadilika sana kwa maji tu. Mshale ukihama kila ndoo, basi fedha imekwenda.

Kifaa cha kuaminika zaidi ni chenye elektrodi ya kioo, ile yenye kichwa cha duara chembamba. Hiki nacho huzeeka. Mtaalamu hukitumbukiza kwanza kwenye maji maalumu ya pH 7, kisha ya pH 4. Katika joto la nyuzi 25, kila hatua moja ya pH inapaswa kuleta tofauti ya milivolti 59 hivi. Kwa hiyo kati ya 7 na 4 itarajiwe tofauti ya 177. Ikija 130, elektrodi hiyo imechoka au imechafuka. Kosa linalofanywa na wengi ni kuihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, kumbe inataka myeyusho wa kloridi ya potasiamu.

Nusu hatua ya pH si jambo dogo. Udongo ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi ya mbolea hunaswa na udongo. Aliyesomewa 6.0 wakati shamba lake liko 5.2 atanunua mbolea na kuitupa.

Kwa majirani wa Biharamulo, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, hofu iko kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho kinaweza kupimwa kwa elektrodi ndogo mno za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zilizopangwa nyingi kwenye kibao kimoja. Zebaki hung'ang'ania dhahabu, tabia ileile inayowafanya wachimbaji waipende. Hukusanywa juu ya dhahabu kwa umeme, kisha ikiondolewa umeme wake hupimwa.

Kwa nini ziwe nyingi? Umeme wa nukta moja ni mdogo mno kusomeka. Lakini zisibanane. Kuku waliotawanyika uani kila mmoja hupata chake. Ukiwarundika kwenye sahani moja watagombania. Nukta zikikaribiana sana nazo hunyang'anyana.

Ukaguzi wake hufanywa kwa myeyusho unaojulikana, mara nyingi wa ferosianidi ya potasiamu. Kama nukta 100 zilizoachana vizuri zinatoa umeme wa nukta 60, takriban 40 zimekufa. Umeme ukizidi matarajio, pengine kingo zimepasuka na maji yanapenya. Zebaki inayobaki huichosha dhahabu, kwa hiyo kibao kilichofaulu jana kipimwe tena leo.

Yupo mtihani mwingine ambao hata kiongozi wa kijiji anaweza kuudai kwa yeyote anayekuja kupima kisima. Maji yagawanywe mara mbili. Sehemu moja iongezwe zebaki ya kiasi kinachojulikana, tuseme mikrogramu 5 kwa lita, na mtaalamu mwenyewe, kisha zote zipimwe. Tofauti ikikaribia 5, endeleeni. Ikija 2, msipokee majibu hayo, na maji yaliyotiwa zebaki yasimwagwe ovyo.

Kwa udongo, chukua sampuli sehemu kadhaa za shamba, changanya, kausha kivulini, peleka kiasi maabara ya serikali na ubaki na kiasi. TARI Mlingano, mkoani Tanga, ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Majibu yakirudi, linganisha na ya kifaa chako kabla ya kulipia chokaa.