Misukosuko ya Hewa katika Anga ya Katavi

Msafiri aendaye Mpanda, mkoani Katavi, kwa ndege ya panga boi, mathalan zile za Shirika la Ndege la Tanzania zichukuazo abiria 76, hana budi kujua kwamba chombo hicho hakipandi zaidi ya futi 25,000 hivi, ilhali mawingu ya radi yatandayo juu ya misitu ya miombo tangu Novemba hata Aprili yaweza kufika futi 40,000 na kuzidi; basi rubani, asiyeweza kuyapita kwa juu, sharti ayazunguke.

Huyatambua kwa rada iliyomo puani mwa ndege, ambayo mawimbi yake hugonga matone ya mvua yakarejea na kuonekana kiooni kwa rangi: kijani kwa mvua nyepesi, manjano kwa ya wastani, nyekundu kwa kali, na penye nyekundu desturi ni kujitenga yapata maili 20 za baharini. Lakini rada haioni hewa kavu. Kiangazi, ardhi ya Katavi inapochomwa na jua la adhuhuri, hewa moto hupanda na kuitikisa ndege pasipo wingu lolote. Hapo rubani hutegemea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na habari za marubani waliotangulia.

Msukosuko hupimwa kwa daraja. Ulio wa wastani hutaabisha kutembea na kuvitelezesha vyombo, ila ndege imo katika amri ya rubani. Katika ulio mkali, ndege yaweza kumponyoka kwa nukta chache. Akiutarajia, hupunguza mwendo hadi kiwango kilichowekwa kwa hali hiyo, wala hashindani na kila mpando na mshuko, bali huiweka ndege sawa na kuomba ruhusa ya kubadili kimo. Nyuma, wahudumu huacha kumimina chai, hulirudisha toroli na kulifunga kwa komeo. Wakikutwa ghafla, hukaa kiti kilicho karibu wakajifunga.

Hatari ya kutojifunga ilidhihirika tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipopatwa na msukosuko juu ya Myanmar. Kwa taarifa ya wachunguzi ilishuka futi 178 ndani ya sekunde 4.6, wasiojifunga wakarushwa juu, makumi wakajeruhiwa na mmoja akafariki.

Maarifa ya rubani, basi, hayamwondolei abiria wajibu wake. Taa ya mkanda ikizimwa, twaweza kusimama kwa haja. Lakini maadamu tumeketi, tuufunge, na tuwahimize wazee wetu na watoto wetu wafanye vivyo hivyo.