Kulea Mtoto Usiyemzaa: Nasaba Yake na Karatasi Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ni nyumba chache miongoni mwetu hapa Ganshoren ambazo hazijapata kuletewa habari ya namna hii kutoka kwetu: fulani amefariki, ameacha watoto, bibi aliyewachukua amezeeka na macho hayaoni, nyinyi mlioko Ulaya mwaonaje? Kule Bukavu, Bujumbura, Mombasa au Unguja jawabu lilikuwa jepesi. Mtoto alihamia kwa ami yake au kwa khalati yake, akaongezewa sahani, akapelekwa chuoni na skuli, na hapana aliyeuliza hati. Ugenini jambo hilo hilo, lenye thawabu ile ile, hupita mbele ya ubalozi, Ofisi ya Wageni na mahakama. Anayelianza kwa moyo mwema pasi na karatasi aweza kumtia mtoto katika dhiki kubwa kuliko ile aliyotaka kumwokoa nayo.

Tunalotaka kulieleza ni hili: sheria ya Ubelgiji haimlazimishi Muislamu aikate nasaba ya mtoto ndipo aweze kumlea. Lakini yamtaka atangulize karatasi, tikiti ya ndege ifuate.

DINI YASEMAJE

Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Zayd bin Haritha, radhi za Allah ziwe juu yake. Alilelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ziliposhuka aya za mwanzo za Sura ya Al-Ahzab, alirudishiwa jina la baba yake mzazi. Kulea hakukukatazwa hata kidogo, na fadhila za mlezi wa yatima zinajulikana. Kilichokatazwa ni kuigeuza nasaba. Mtoto hubaki na jina la babake na mirathi yake hubaki kwa jamaa zake. Mlezi akitaka kumwachia kitu, ana mlango wa zawadi angali hai, na mlango wa wasia usiozidi thuluthi ya mali.

Malezi hayo ndiyo kafala, na dunia inayatambua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 waitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20, miongoni mwa njia za kumtunza mtoto aliyekosa wazazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 nayo yaitaja, na sheria mpya ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 vilevile.

SHERIA YA HAPA YASEMAJE

Ubelgiji haiikani kafala, lakini haiipi nguvu ya uzazi. Kwa hakimu wa hapa, kafala ni ulezi tu. Haimfanyi mtoto kuwa mwana wa mlezi, wala haimpi kwa nafsi yake haki ya kuja na kukaa.

Tazameni mashauri ya mume na mke raia wa Ubelgiji, wenye asili ya Moroko, waliomchukua binti wa ndugu yao kwa kafala. Walimleta Ubelgiji, wakamlea, kisha wakaomba kumuasili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Brussels ilikataa. Wakaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Tarehe 16 Desemba 2014 majaji 4 dhidi ya 3 waliamua kuwa Ubelgiji haikuvunja haki ya familia hiyo. Muda mrefu wa utoto wake msichana huyo aliupitisha kwa vibali vya muda, na kibali kisicho na kikomo alikipata mwaka 2014, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Mapenzi ya nyumba ile hayakutiliwa shaka. Kilichokosekana kilikuwa karatasi za namna ambayo sheria inaitaka.

Na sheria inataka nini? Tangu mwezi wa Desemba 2005 Kanuni ya Madai ya Ubelgiji ilitiwa kifungu mahsusi, namba 361-5, kwa watoto wanaotoka nchi ambazo sheria yake haijui kuasili. Masharti yake ni magumu. Mtoto awe amefiwa na baba na mama, au awe ametupwa na kuwekwa chini ya ulezi wa serikali. Mtoto ambaye wazazi wake wako hai, hata wakiwa mafukara, haingii katika mlango huo.

KUASILI KWA NAMNA MBILI

Wengi wetu hudhani kuwa kuasili ni jambo moja, nalo ni kumfuta mtoto kwa jamaa zake. Sheria ya Ubelgiji ina namna mbili, na tofauti yao ni kubwa mno kwetu.

Ya kwanza huitwa kwa Kifaransa *adoption plénière*. Hiyo hukata uhusiano wa mtoto na jamaa zake wa asili, na haitanguliki.

Ya pili huitwa *adoption simple*. Hapo mtoto hubaki mtoto wa wazazi wake waliomzaa. Hurithi kwao, na wakati huo huo hurithi kwa waliomuasili. Mamlaka ya malezi huhamia kwa walezi. Kuhusu jina, yawezekana kumwomba hakimu mtoto abaki na jina lake pamoja na jina la mlezi. Namna hii iko karibu zaidi na ada yetu, ingawa si kafala yenyewe. Hukumu ya kidini juu ya jina la pili na juu ya mirathi tuwaachie mashekhe. Aulizwe mwanachuoni kabla ya kutia saini, si baada.

Kwa namna zote mbili, anayeasili awe na umri wa miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 15. Akiwa anaasili mtoto wa mume au mke wake, yatosha awe na miaka 18 na amzidi kwa 10. Mtoto aliyetimiza miaka 12 lazima naye aridhie mwenyewe. Kabla ya yote kuna mafunzo ya matayarisho, kisha uchunguzi wa nyumba, kisha hukumu ya hakimu kwamba mwombaji anafaa. Tangu mwaka 2014 kesi hizo husikizwa na mahakama ya familia.

MTOTO ANAYETOKA KWETU

Kifungu cha 361-5 kiliandikwa hasa kwa nchi kama Moroko na Aljeria. Kenya, Tanzania bara, Uganda na Kongo zina sheria za kuasili katika mahakama za serikali. Kwa hiyo mtoto wa huko hufuata njia nyingine. Kenya, Burundi na Rwanda zimeingia katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, na Ubelgiji pia. Mkataba huo wataka serikali mbili ziafikiane mtoto angali kwao. Anayekwenda likizo, akapata hukumu kwa haraka na kurudi na mtoto, akifika hapa hukumu yake haitambuliwi.

Njia hizo nazo zilizidi kubanwa. Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka vya watoto walioasiliwa na wageni. Novemba 2014 Kenya ilisimamisha uasili wa watu wa nje. Msizione hatua hizo kuwa ukatili. Mwaka 2017 ilibainika kwa vipimo vya nasaba kwamba baadhi ya watoto walioletwa Ubelgiji kutoka nyumba moja ya mayatima jijini Kinshasa hawakuwa mayatima. Wazazi wao walikuwa hai, wakidhani watoto wamekwenda kambi ya mapumziko.

TIKITI ILIYOTANGULIA

Tarehe 18 Agosti 2002 msichana Mkongo wa miaka 5 alifika uwanja wa ndege wa Brussels pamoja na mjomba wake, raia wa Uholanzi. Mama yake alikuwa amepewa ukimbizi Kanada na alimngojea. Mjomba hakuwa na karatasi za mtoto. Mtoto alitengwa naye, akafungiwa karibu miezi miwili katika kituo cha watu wazima karibu na uwanja, kisha tarehe 17 Oktoba akarudishwa Kinshasa, ambako hakuna jamaa aliyekuwa akimngoja. Alimpata mama yake baadaye, baada ya mawaziri wakuu wa nchi mbili kuingilia kati. Tarehe 12 Oktoba 2006 Strasbourg iliihukumu Ubelgiji kwa kisa hicho.

Tangu Mei 2004 iko Ofisi ya Walezi wa Kisheria, *Service des Tutelles*. Mtoto wa nje ya Ulaya aliye chini ya miaka 18, asiye na mzazi wala mlezi wa kisheria, huhesabiwa yuko peke yake na huwekewa mlezi wa serikali. Hiyo ni kinga kwake. Lakini yafahamike: ami au shangazi asiye na hukumu ya ulezi mkononi, mbele ya sheria ni mtu baki. Mtoto atahesabiwa yuko peke yake ijapokuwa anakula mezani kwenu.

WATOTO WALIOKO HAPA HAPA

Si lazima thawabu itafutwe ng'ambo. Wapo watoto wa Brussels ambao wazazi wao ni wagonjwa au wameelemewa, na huduma za watoto hutafuta nyumba za kuwapokea: kwa Kifaransa *famille d'accueil*, kwa Kiholanzi *pleeggezin*. Hayo ni malezi ya kambo. Hayabadili jina, nasaba wala mirathi, na gharama za mtoto hulipiwa fungu. Kwa umbo lake yamefanana na kafala kuliko kuasili.

Sheria ya tarehe 19 Machi 2017, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, humpa mlezi maamuzi ya kila siku. Makubwa, kama vile matibabu, skuli na dini, hubaki kwa wazazi. Sharti hilo ni kinga kwa mtoto wa Kiislamu aliyewekwa kwa wasio Waislamu. Na kwa uadilifu ule ule, anayempokea mtoto wa Kikristo hana ruhusa ya kumgeuza dini. Amana ni amana.

YA KUFANYA KABLA YA KUSEMA "MLETENI"

1. Ulizeni kwanza: je, mtoto hawezi kulelewa kwao kwa msaada wa kila mwezi? Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya karibu na ya salama.

2. Kusanyeni cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi, na hukumu ya ulezi ya mahakama. Barua ya wazee wa ukoo haitoshi.

3. Hati zithibitishwe kama ubalozi wa Ubelgiji unavyotaka kwa nchi hiyo, na zifasiriwe kwa Kifaransa au Kiholanzi na mfasiri aliyeapishwa.

4. Viza iombwe mtoto angali kwao. Kwa kafala aghalabu huombwa viza ya kibinadamu, nayo hutolewa kwa hiari ya Ofisi ya Wageni. Si haki ya mwombaji.

5. Msimwandikishe mtoto wa ndugu kuwa mmemzaa. Ni kosa la jinai, ni haramu, na vipimo vya nasaba huifichua siri hiyo.

6. Ikiwa mtoto yuko tayari nyumbani bila hati, msimfiche. Muoneni wakili; asiye na uwezo ana haki ya kuomba wa bure. Na skuli asikose: kila mtoto aliye Ubelgiji ana haki ya kusoma, awe na kibali au asiwe nacho.

Ubelgiji yenyewe inajua gharama ya nasaba iliyokatwa. Watoto machotara wa Kongo, Rwanda na Burundi walitengwa na mama zao enzi za ukoloni, wengine wakaletwa huku na majina yao yakabadilishwa. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu aliomba radhi Bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikatamka, katika kesi ya wanawake watano miongoni mwao, kuwa tendo lile lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Walikuwa wamekwisha kuwa bibi wenye umri wa zaidi ya miaka 70.

Basi anayemchukua mtoto wa nduguye na ahifadhi pamoja naye jina la babake, cheti chake na picha ya mama yake. Siku moja atauliza.

Allah awape subira walezi wote, na awahifadhi mayatima wetu walioko huku na walioko kwetu. Amin.